Nguo ya Jukwaani Lazima Ioshe Vyombo

Asubuhi moja ya Desemba nilimkuta Mfalme Herode kwa muuza mkaa wa mtaani kwetu, Miyuji. Alikuwa amevaa joho la zambarau linaloburuza vumbi, kiroba kitupu mkononi, na majirani wamesimama pembeni wakijifanya wana shughuli zao.

"Punguza kidogo bwana," Herode alisema.

Muuza mkaa alimtazama kuanzia taji hadi kandambili. "Mfalme mzima, na wewe unaomba upunguziwe?"

Herode huyo alikuwa mhasibu serikalini, mtu wa Songea, mpole kiasi kwamba hata kwenye foleni ya chai ofisini watu humpita naye akawapisha. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anatii amri ya mwanamke ambaye kikundi chetu kizima cha maigizo kilimwita Mama Mavazi. Amri yenyewe ilikuwa fupi: nguo ya jukwaani lazima kwanza ioshe vyombo. Ukishavalishwa vazi la mhusika wako, unakwenda nalo nyumbani, unafagia nalo uwanja, unachota nalo maji, unabishana nalo na muuza mkaa, mpaka siku utakaposahau kwamba umelivaa. Siku hiyo ndiyo unaruhusiwa kupanda nalo jukwaani.

Nilicheka sana asubuhi ile. Sikujua kwamba mwaka uliofuata amri hiyohiyo ingeingia nyumbani kwangu, na kwamba nisingecheka.

Kikundi chetu ni cha watu walioletwa Dodoma na kazi au masomo: makarani, wafanyakazi wa Bunge, wanafunzi wa chuo kikuu, Wakristo na Waislamu. Tunaigiza kwa misimu. Krismasi tuna hori na mamajusi, Nane Nane tuna vichekesho vya wakulima, baada ya Idi tunaalikwa kwenye hafla za shule, na kabla ya mvua za kwanza tunatoa igizo moja kubwa la kilimo, linaloanzia mjini na kumalizikia vijijini. Katika wote hao mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji hasa. Nimezaliwa Haneti, ni Mgogo kwa baba na mama, na wenzangu walinitania kwamba nilikuja kwenye kikundi kukusanya kodi ya ardhi.

Mama Mavazi alizaliwa kwenye vilima vya Kondoa. Alikuwa Mrangi, Mwislamu wa swala tano, na sidhani kama Dodoma nzima kuna mtu aliyewavalisha malaika wa Krismasi wengi kuliko yeye. Alisomea sanaa za maonyesho, akafanya kazi hiyo miaka mingi mikoa ya mbali, kisha akarudi kanda ya kati na cherehani zake na maneno yake. Unyenyekevu hakuwa nao, na sikuwahi kuona kwa nini awe nao. "Wengine wanashona nguo," alikuwa akisema, pini zikiwa midomoni. "Mimi namshona mtu." Halafu anakuangalia kama unabisha.

Nilimhusudu tangu siku ya kwanza, na nasema kumhusudu kwa sababu kumpenda tu kusingetosha. Hakuanza na futi ya kupimia. Alianza kwa kukwambia utembee. Utatembea kutoka ukutani mpaka mlangoni, kama mchungaji, kama bi harusi, kama mwizi, naye amekaa kwenye kigoda anakutazama miguu. Ukimaliza anakwambia rudia, hujafika. Ilikuwa inaudhi. Nilikuwa natoka ofisini nimechoka, nina njaa, halafu natembezwa kama ng'ombe wa mnadani. Lakini baadaye ukilivaa vazi lake unakuta mkono umekatwa pale hasa unapoinulia, na pindo linaishia pale hasa unapopigia hatua, na unaona aibu kwa yote uliyonung'unika.

Kwenye mitumba pale Sabasaba alikuwa kivutio. Hakutafuta nguo, alitafuta kitambaa. Pazia zito la kijani aliliona ni koti la jemadari, shuka la hospitali akaliona ni kanzu za mamajusi. Alikikung'uta kila kitambaa karibu na sikio. Kinachochakarisha alikirudisha, hata kiwe kizuri vipi, kwa sababu, alisema, kitabishana na mwigizaji na watazamaji wa nyuma watasikia kitambaa tu. Wauzaji walishamzoea. Walimwekea kando mapazia na wakamwacha asikilize.

Tena aliujua upepo wetu. Mtu wa pwani anaweza kushona vazi la malaika likapendeza ukumbini, lakini lilete uwanjani Dodoma mwezi wa nane uone. Mwaka mmoja kabla hajajiunga nasi, malaika wetu aliigiza kipande kizima mbele ya watoto wa shule huku gauni limemfunika uso, akitangaza habari njema kutoka ndani ya kitambaa. Mama Mavazi alipohadithiwa alicheka hadi akashika ubavu, kisha akatuma watu wakaokote kokoto. Tangu hapo kila pindo letu lina kokoto ndogo zilizoshonewa ndani, na malaika wetu wanashuka chini kwa heshima zao.

Kosa moja tu hakulivumilia, nalo lilikuwa kosa la watu wa ofisini kama sisi. Alikuwa amehangaika siku nyingi kulichakaza vazi la mchungaji wa kondoo, akalisugua kwa udongo, akalichovya kwenye majani ya chai, akalianika juani mpaka likafubaa. Mwanafunzi aliyepewa alilipokea kwa mikono miwili, akalipeleka hosteli, akaona haya kulivaa likiwa chafu. Akalifua, akalitia wanga, akalipiga pasi. Siku ya mazoezi ya mwisho akatokea mchungaji ana mistari ya pasi miguuni. Mama Mavazi hakumgombeza. Alikaa chini, akavua miwani, akaomba maji ya kunywa.

Nimeeleza haya yote ili ieleweke kwa nini nilimwamini alipokuja kunigusa penye jeraha.

Mwaka ule uliofuata asubuhi ya Herode, nilikuwa nimemchukua mama yangu kutoka Haneti kuja kukaa nami. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Daktari alisema ni ugonjwa wa uzee, hautapona, na kwamba la muhimu ni ale vizuri na asiachwe peke yake. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, alikaa naye mchana. Jioni nilikuwa naye mimi, na jioni hizo zilinishinda. Mama hakuongea nami. Namsalimia, ananitazama muda mrefu, ananyamaza. Namwekea chakula, anakigusa kwa kidole, anasukuma sahani pembeni kwa adabu, kama mtu aliye ugenini ambaye hataki kumsumbua mwenye nyumba. Alikuwa anakonda nikimwona. Muuguzi alisema mchana wanaongea mawili matatu. Kwangu, kimya. Niliamini amenikasirikia kwa kumtoa kwake, kwenye nyumba aliyonizalia, na nilikuwa nikiingia chumbani kwangu nalia kwa hasira. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama aniite mwanangu na ale chakula changu.

Wakati huohuo tulianza kuandaa igizo la msimu wa kupanda. Tulilitunga wenyewe. Lilimhusu mwanamke mzee wa Kigogo katika mwaka wa njaa, aliyeficha kibuyu cha mbegu za uwele ndani ya nyumba huku watoto wanamlilia wana njaa, ili mvua ikinyesha wawe na cha kupanda. Nafasi ya mwanamke huyo nilipewa mimi, kwa sababu ya Haneti.

Mama Mavazi alinitembeza kutoka ukutani mpaka mlangoni. Nikarudia, nikarudia. Mwisho akasema, "Wewe mtoto unatembea kama mtu anayewahi basi la wafanyakazi. Nyumbani kwenu kuna mtu mzima?"

"Yupo mama. Lakini anaumwa, haongei."

"Sijauliza kama anaongea."

Alikuja Jumamosi asubuhi na mfuko wa vitambaa. Mama alikuwa uani, kwenye kivuli cha ukuta. Mama Mavazi alipiga goti kidogo, ingawa si mdogo sana kwake, akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwa majuma. Nilisimama mlangoni na sufuria, na wivu ulinichoma. Kisha mgeni wetu akatoa kaniki, lile shuka jeusi la pamba ambalo bibi zetu walivaa kwenda shambani, akalikunjua magotini kwa mama, akasema, "Mama, nimetoka Kondoa, sisi tunafunga kivyetu. Nyie Wagogo zamani mlifungaje mkienda kutwanga?"

Mama hakujibu kwa mdomo. Alisimama. Akanivuta mimi kwa mkono, akanigeuza kama anavyogeuzwa mtoto anayevalishwa kwenda kanisani. Akaizungushia kaniki mwilini mwangu, ncha moja akaipitisha chini ya kwapa la kulia, akazifunga ncha zote mbili juu ya bega la kushoto kwa fundo dogo, kisha akalisukuma fundo nyuma ili mkono wa kutwangia uwe huru. Mikono yake haikusita hata mara moja. Alipomaliza akanipiga kofi jepesi mgongoni, yaani nenda, akarudi kukaa. Mama Mavazi alikuwa ametulia tuli. Sijawahi kumwona mtu akitazama kitu kwa heshima kama alivyotazama fundo lile.

Aliipeleka kaniki kwake na kuifanyia kazi yake. Hakuishona karibu popote, maana haikuhitaji kushonwa. Aliitia samli na udongo mwekundu, akaifukiza moshi wa kuni, akaikunja na kuikunjua mpaka ikalainika na kuanguka mwilini yenyewe. Nilimwuliza kwa nini ahangaike na moshi na samli, kwani nani ataninusa kutoka viti vya nyuma. "Hao hawatanusa," alisema. "Utanusa wewe." Aliongeza ushanga mmoja wa shingoni, buluu na nyeupe, na hakuna kingine. Wenzangu walitaka anipambe, wakataja vikuku na mapambo ya kichwani kama ya vikundi vya ngoma vinavyopokea wageni wa serikali. Alikataa katakata. Mwaka wa njaa, alisema, mwanamke huyu alishauza kila kinachouzika.

Kisha ikawa zamu yangu kuosha vyombo.

Nilirudi kutoka kazini jioni, nikavua sketi na viatu vya kisigino, nikajifunga kaniki jinsi mama alivyonifunga, nikatoka uani pekupeku nikijisikia mjinga kupita kiasi. Nikawasha kuni, maana kwa gesi kaniki ingeshangaa. Nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda. Jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta akaniuliza kama leo kuna mganga. Nikamwambia yuko njiani.

Mama alitoka ndani akiwa amejishika ukutani. Akasimama. Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, moshi na samli. Kisha akaniita kwa jina ambalo si langu.

Lilikuwa jina la dada yake mkubwa. Mama mkubwa ndiye aliyemlea mama walipofiwa na mama yao, na alifariki mimi nikiwa mdogo, kiasi kwamba nakumbuka vidole vyake tu. Mama alikuja akakaa karibu na moto, akanisalimia kwa Kigogo, mbukwa, akaniuliza nimefika saa ngapi na kama nimeacha ng'ombe wazima. Nilimjibu wazima. Nikapakua ugali. Mama akanawa, akamega, akachovya kwenye mlenda, akala. Alikula mpaka akakwangua sahani, huku ananisimulia habari za mtu aliyefiwa na mbuzi miaka mingi kabla sijazaliwa. Niligeuzia uso motoni ili moshi usingiziwe machozi yangu.

Kesho yake asubuhi nilimsalimia nikiwa na nguo za ofisini. Kimya. Jioni nikajifunga kaniki, akaongea, akala.

Nilimweleza Mama Mavazi kwenye mazoezi, kando, nikiwa na hofu kidogo kwamba ni dhambi. Nilimwuliza kama ninamdanganya mama. Alifikiri, akavua miwani, akaivaa tena. "Hilo sijui," alisema. "Muulize padri wako, na mimi nitamuuliza shehe wangu. Mimi najua nguo. Vazi likimfanya mtu ale, siwezi kukwambia ulivue." Kisha akashika fundo begani kwangu, akalisukuma nyuma kidogo zaidi. Mwanamke huyu ambaye kwa miaka yote alikuwa akitusimulia ushindi wake, kwa hili hakujisifia hata neno.

Igizo lilikwenda vizuri. Mjini ukumbi ulijaa. Chemba tuliigiza kwenye uwanja wa shule, upepo ukivuma, na kokoto zikafanya kazi yake. Nilipotoa kibuyu cha mbegu, wanawake wa mbele waliacha kunong'ona. Mmoja alinifuata baadaye, akaishika kaniki kwa vidole viwili, akaipeleka puani, akaniuliza nani ameifukiza. Nilimwonyesha Mama Mavazi, naye alijinyoosha mpaka akaongezeka urefu.

Kwa kawaida msimu ukiisha tulikutana kwake kufumua mavazi yote, kwa sababu pazia la leo ni joho la kesho. Tulikaa mkekani, Herode akiwa mwepesi wa kufumua kuliko wote, tukarudisha vitambaa kuwa vitambaa. Nilikuwa nimeileta kaniki imekunjwa. Mama Mavazi aliisukuma kwangu kwa mguu bila kukatisha hadithi aliyokuwa anasimulia. Nikairudisha kwenye mfuko.

Hivyo ndivyo mama yangu alivyonenepa tena kidogo. Alikuwa na dada yake kila jioni. Mimi, bintiye, nilikuwa karani fulani anayepita asubuhi na kusema shikamoo. Nilishukuru, na iliniuma. Ukiwa umelishwa na mtu tangu siku ya kwanza ya maisha yako, kumlisha kwa jina la mwingine kuna uchungu wake. Niliwahi kujaribu kumdodosa habari zangu kwa ujanja. Nikasema, kwa Kigogo na kwa sauti ya mama mkubwa kadiri nilivyoweza kuiga, kwamba nasikia ana binti mjini. Akatikisa kichwa tu, akabadilisha mazungumzo. Nilikwenda kulala nikiwa na hakika kwamba nimefutika.

Jumapili moja alasiri, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kulowesha uwanja, tulikuwa tunabangua karanga mlangoni, mimi na kaniki yangu, yeye na ungo wake. Aliacha kubangua. Akachungulia ndani ya nyumba, kama anayehakikisha hakuna mtu, akanisogelea.

"Dada," alisema, "nikwambie kitu. Usimwambie mtu."

"Niambie."

"Kichwa changu kinaniacha. Vitu vinaondoka. Najua kabisa vinaondoka." Alisema bila kulia, kama anayesema ghala lina mchwa. "Yule binti yangu, anayefanya kazi ofisini. Asubuhi anakuja amevaa vizuri, ananisalimia. Siku nyingine namjua. Siku nyingine namwona tu mwanamke, na moyo unaniambia huyu ni wako, lakini jina silipati. Nikifungua mdomo nikamwuliza wewe nani, nitamuumiza. Kwa hiyo nanyamaza. Namwangalia tu mpaka aondoke."

Karanga zilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuzishika wala kuziachia.

"Ni mtoto mzuri," mama akasema. "Anajihangaisha sana. Usimwambie, dada. Atalia."

"Sitamwambia," nilisema.

"Niahidi."

Nikamwahidi. Aliridhika, akarudi kwenye ungo wake, na baada ya muda akaniambia nisichanganye karanga na maganda.

Asubuhi iliyofuata nilivaa sketi yangu, nikachukua pochi, nikasimama mbele yake. "Shikamoo mama." Aliinua uso akanitazama, muda mrefu, kwa makini, kuanzia nywele hadi viatu, akanyamaza. Safari hii sikuondoka haraka. Nilisimama pale nikaacha aniangalie.